Kulenga shabaha uani: vifuko, makopo na kata

Anza na cha kurusha, si na shabaha. Wengi hufanya kinyume. Wanapanga makopo vizuri, wanachora miduara kwa chaki, halafu mtoto anauliza arushe nini, na kabla hujajibu keshaokota jiwe. Ukishapata kitu kisichoumiza, kisichodunda na kisichobiringika mpaka mtaroni, kila chombo cha nyumbani kinageuka shabaha: ndoo, beseni, ungo ulioegemezwa ukutani, mdomo wa pakacha.

Sisi tuko Wete, Pemba, nyumba ya kawaida, mbele uwanja mdogo wa mchanga, nyuma ua wenye sakafu ya saruji. Watoto wangu na wa dada yangu wakishatoka chuoni, kusoma Kurani, hubakiwa na saa moja na kitu kabla ya Magharibi, na mwongozo huu umetokana na saa hizo. Hakuna cha kununua humu isipokuwa labda uzi.

Kifuko

Kifuko chetu cha kwanza nilikitia kunde. Kikasahauliwa nje usiku mmoja wa masika, nami asubuhi nikakianika juu juu tu, nikakitupia kapuni. Siku chache baadaye mdogo wao akaniletea kifuko kimechomoza mche kwenye mshono, anauliza kama tukipande. Cha pili nikakitia chenga za mchele, na panya wakakimaliza. Mama yangu hakuipenda habari hiyo tangu mwanzo. Chakula si cha kurushwa, alisema, na sikuwa na jibu. Mchanga nao, hata ukiuchekecha, hupenya kwenye kitambaa chepesi kila kifuko kinapotua, na vumbi lake huishia machoni.

Jawabu lilikuwa chini ya viti, kwenye pembe za ukumbi na ndani ya mifuko ya sare: kokwa za ubuyu. Watoto wanamumunya, wanatema, mimi nafagia. Sasa kokwa zinatiwa kwenye kopo moja mlangoni. Kokwa ya mbuyu ina ganda gumu hasa. Mwenye kutaka kuiotesha hulazimika kuikwaruza au kuimwagia maji ya moto kwanza, kwa hiyo mvua ya usiku mmoja haiifanyi kitu. Nayo ni nzito vya kutosha kwenda inakotumwa.

Ziloweke usiku kucha, zisugue kwa mikono na ubadilishe maji mpaka rangi nyekundu na sukari viishe. Ukizembea hapo utakaribisha sisimizi. Zianike juani kwenye ungo siku mbili au tatu, halafu:

1. Kata vipande viwili vya kitambaa, kila kimoja sentimita 14 kwa 14. Rula ikiwa imepotea, shubiri ya mtoto wa darasa la pili inakaribia hapo. Kitenge ni kizuri, na mguu wa suruali ya skuli iliyokwisha kumbana mtoto ni mzuri zaidi. Kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika iache, itachanika.
2. Vilaze uso kwa uso, maua yaangaliane. Shona pande tatu, sentimita 1 kutoka ukingoni, na urudie mshono mara ya pili juu ya ule wa kwanza. Kama unashona kwa mkono, mishono iwe midogo kiasi kwamba kokwa haipenyi.
3. Kigeuze, pembe uzisukume kwa ncha ya penseli iliyobutuka.
4. Tia kikombe kimoja cha chai cha kokwa. Kisijae pomoni. Ukikilaza juu ya mkono wako kinatakiwa kining'inie pande zote mbili kama paka aliyelala. Kikijaa sana kitadunda na kuteleza, na kikiwa legevu hubaki pale kilipoanguka.
5. Kunja ukingo wa mdomo uingie ndani, shona mara mbili.
6. Sasa mtu mzima akibamize ukutani mara ishirini kwa nguvu zake zote. Kikitema hata kokwa moja, kirudi kwenye sindano.

Hatua ya sita usiiruke kama nyumbani una mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu kokwa moja inamtosha kumpalia. Kifuko kilichofumuka hakingoji mpaka kesho; kinatolewa mchezoni hapo hapo.

Vifuko vinane vinatosha nyumba nzima, vinne vya rangi moja na vinne vya nyingine. Kuanza, hata vitatu vinaweza.

Mpira wa kubiringisha ni kazi ya dakika tano: jaza soksi matambara, ikaze, ipinde juu yake yenyewe, uivalishe soksi ya pili, ushone mdomo. Sisi utotoni tulisokota mipira kwa mifuko ya nailoni na kamba. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hapa Zanzibar mwaka 2006, mipira ile nayo ikapotea, na kwa kweli ya soksi haipigi dirisha kwa kishindo kile.

Mstari

Hapa ndipo mchezo unapopona au unapokufa. Mtoto akikosa mara kumi mfululizo anakwenda kutafuta kitu kingine cha kufanya, na akipata mara kumi anafanya vivyo hivyo. Unachotafuta ni umbali ambao anapata karibu nusu.

Usipime kwa mita. Mwambie kila mtoto aanzie kwenye shabaha ahesabu hatua zake mwenyewe, tano, kisha achore mstari wake kwa chaki au kijiti. Wa miaka minne atasimama karibu na wa miaka kumi atakuwa mbali, na hakuna aliyependelewa, kwa kuwa wote wamehesabu tano. Sijui kwa nini nilichukua muda mrefu kuligundua hili. Kabla ya hapo kila jioni kulikuwa na kesi ya nani asogee mbele, na hakimu mimi.

Kisha arushe mara kumi. Akipata mara nane au zaidi, anarudi nyuma hatua moja. Akipata chini ya tatu, anasogea moja. Baada ya siku chache kila mmoja anajua hatua zake, na wenyewe huanza kujisifu kwa hatua badala ya pointi.

Kanuni nyingine ya mstari ni moja tu, na hii haina mjadala: hakuna kuokota mpaka wote wamerusha. Mtoto anayekimbilia kifuko chake mwenzake akiwa bado ana kimoja mkononi ndiye atakayepigwa usoni.

Makopo

Mimi naamini mtoto hataki pointi, anataka kelele. Ndiyo maana makopo hayachoshi. Kusanya sita ya aina moja, ya maziwa ya unga au ya nyanya. Pitisha kidole, chako si cha mtoto, kwenye ukingo ulipokatwa. Panapokwaruza pagonge kwa nyundo kuelekea ndani, kisha zungushia selotepu nene au kitambaa kwa gundi. Kopo usiloweza kulinyoosha lipeleke kwa muuza vyuma chakavu.

Panga matatu chini, mawili juu yake, moja kileleni, juu ya benchi au boksi gumu linalomfika mtoto kiunoni. Nyuma tundika mkeka kuukuu au shuka nzito. Bila pazia hilo nusu ya muda wenu itakwenda kwenye kufuata vifuko kwa jirani. Kwenye saruji makopo yanapiga mayowe, basi kama kuna mtu amelala mchana, tandika gunia chini au hamieni mchangani.

Waache wajue wenyewe pa kupiga. Wangu siku tatu nzima walikuwa wanalenga kopo la kileleni, wanaliangusha hilo peke yake, wanashangilia. Siku ya nne kifuko cha mmoja kikateleza kikapiga kati ya makopo ya chini na mnara wote ukaja. Nilikuwa nakaa kimya kwa shida. Tangu hapo hakuna anayelenga juu.

Walipokuwa mabingwa nikaanza hila: asubuhi natia kokoto ngumi mbili ndani ya kopo moja la chini, nafunika kwa karatasi, halafu jioni nasema pangeni. Mnara unapigwa, makopo matano yanaruka, moja linabaki limesimama kama askari. Mkubwa alihitaji mapigo manne kulishuku. Sasa wanawekeana hila hiyo wenyewe kwa wenyewe, na anayepanga hatakiwi kuwa anayerusha kwanza.

Kata kwenye chupa

Kata ni ile tunayojitwishia ndoo ya maji, pete ya nguo au majani inayokaa kichwani. Mtoto anayejua kusokota kata tayari ana mchezo mikononi mwake.

Chukua majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia shinani, uyanyunyizie maji yasivunjike. Shika fungu la unene wa kidole gumba, ulizungushe liwe duara ambalo mkono wa mtu mzima unapita kwa nafasi, yaani sentimita 16 hivi kwa ndani. Kisha vizungushie vipande virefu vya kitambaa, kimoja kikilalia kingine, mpaka majani yasionekane. Funga fundo upande wa nje. Kamba nene ya usumba, ile ya makumbi ya nazi, inafaa pia, na uzito wake huifanya iende sawasawa, lakini nayo ivishwe kitambaa, maana usumba unakwaruza.

Shabaha ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Itie mchanga mpaka theluthi, kizibo kikazwe. Ikiwa tupu kata itaiangusha kila mara na upepo wa kusi utaiangusha kabla ya kata. Weka tatu, moja mbele na mbili nyuma, zikiachana dhiraa moja.

Kata hairushwi kama mpira. Ishike ikiwa imelala, kama sahani unayompa mgeni, mkono uwe chini ya kiuno, uiachie kwa kuzungusha kiwiko kidogo. Ikiondoka wima haiingii. Waonyeshe mara moja, kisha watoke kwenye hatua tano waje tatu, maana huu ni mgumu kuliko yote niliyoitaja. Mama yangu, ambaye kwa makopo hakuonyesha hamu yoyote, alikaa kwenye kigoda akavisha chupa tatu kwa kata nne, kisha akarudi kukuna nazi.

Boksi la matundu, na hesabu yake

Tafuta boksi kubwa lenye uso usio na mkunjo. Chora matundu matatu kwa kufuatisha sahani, bakuli na bilauri pana, uyakate mwenyewe kwa kisu chenye makali. Kisu butu ndicho kinachoteleza. Tundu dogo kabisa lizidi upana wa kifuko kwa vidole viwili. Egemeza boksi kwenye tofali ili uso uinuke kwa nyuma, uwe mteremko na si ukuta, kifuko kiweze kutua na kusukumwa.

Wamarekani wana mchezo mkubwa wa namna hii, uitwao cornhole. Ubao wao ni futi 2 kwa 4, tundu moja la inchi 6, mbao mbili zimeachana futi 27, na kila mmoja ana vifuko vinne. Umbali huo ni zaidi ya mita 8, kwa watoto ni kama kwenda mpaka mji wa Chake Chake. Lakini hesabu yao naipenda: kifuko tunduni pointi 3, kikibaki juu ya ubao pointi 1, na pointi za wawili zinafutana. Mmoja akipata 5 mwenzake 3, anaandikiwa 2 tu, huyu mwingine hapati kitu. Wa kwanza kufika 21 ameshinda.

Kwa wasiojua kuandika tunatumia kete za bao. Bao letu lina kete 64 na jioni halichezwi kila siku. Kila aliyepata pointi anachota kete idadi ile ile, wawili wanaziweka sambamba mistari miwili, zilizo na mwenza zinarudishwa, zilizobaki bila mwenza ni zake. Mtoto wa maandalizi anafanya hesabu ya kutoa bila kuambiwa kwamba hii ni hesabu ya kutoa. Hesabuni kete kabla ya kulala. Mwenye bao ni mtu mzima na ana kumbukumbu.

Matundu yakiwa matatu, tundu la bilauri usilipe pointi nyingi hivi hivi tu. Waingereza kwenye ubao wao wa vishale wameiweka 20 katikati ya 1 na 5, kwa hiyo mwenye tamaa akikosa kidogo anaangukia palipo hafifu. Fanya vivyo hivyo. Tundu dogo liwe na 5, lakini lichimbwe pembeni, karibu na ukingo, kiasi kwamba anayelilenga akakosa kifuko kinadondoka nje kabisa. La sahani liwe katikati na 1, la bakuli kati yao na 2. Utaona tabia za watoto wako hapo. Wangu mmoja huenda na sahani jioni nzima na anashinda, na ndugu yake anaona huko si kucheza.

Chupa za kubiringishia, na siku za mvua

Chupa sita za nusu lita, kila moja mchanga wa kina cha vidole viwili, zipangwe 3, 2, 1, ya pekee ikiwa mbele. Mpira wa soksi unabiringishwa, haurushwi. Ukumbi mrefu wa nyumba ni mzuri kwa hili kwa sababu kuta zenyewe zinaurudisha mpira njiani. Kama hakuna mpira, kidaka, yaani nazi changa iliyoanguka mnazini, kinabiringika kwa mizengwe, hupinda kulia pasipotarajiwa, na watoto hukipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kidaka kisiinuke chini. Ni kigumu.

Mvua ikinyesha siku nzima, chora sakafuni miduara mitatu kwa chaki, mmoja ndani ya mwingine, mpe kila mtoto vizibo vitano vya soda avifyatue kwa kidole kama anayecheza keram. Basi, hakuna zaidi ya hilo.

Ninavyokataza

Mishale ya chelewa. Kila kizazi kinaigundua upya: unachomoa njiti kwenye fagio, unachonga ncha, unalenga ukindu au mgomba. Ncha hiyo na jicho havikai uwanja mmoja, na kwangu fagio likipungua njiti naulizia. Manati na mawe vivyo hivyo.

Kurusha karibu na majamvi ya kuanikia karafuu. Msimu ukifika nusu ya mtaa ni majamvi, na kifuko kimoja kikitua katikati na mtoto akakifuata mbio kwa miguu ya mchanga, utakuwa na maneno na jirani mpaka msimu ujao. Miezi hiyo tunacheza nyuma tu.

Kuwekeana dau. Watoto wakubwa wataanza na vizibo, wataendelea na korosho, watamalizia na pesa ya kununulia maji ya miwa. Mimi nasema mwisho ni vizibo, na jioni vinarudi kwenye kopo la wote. Mama anasema hata vizibo ni kamari. Bado tunajadiliana.

Kutunza

Vifuko vitundikwe kwenye pakacha, visikae sakafuni. Kikilowa, kianike siku nzima ukikigeuza, si juu juu kama nilivyofanya na kunde. Kikichafuka kifue na kokwa zake ndani, zinavumilia. Makopo yanashika kutu upesi kwa hewa yetu ya chumvi. Yapake mafuta kidogo kwa tambara, na ukingo uukague kila baada ya wiki chache, kwa sababu selotepu hubanduka kwa joto. Kata za majani ya mgomba hazidumu. Zikianza kutoa vumbi zitupeni shinani mwa mgomba huo huo, kitambaa mkibakishe, na msokote nyingine Jumamosi asubuhi wakati hakuna skuli.